Mafuta Yasiyopikwa Jikoni

Nilitoka Ozi siku ya Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, kwa sababu mjukuu wangu Zuhura alishikwa na uchungu na mimba yake ilikuwa ya miezi saba tu. Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia watu. Iko nyingine, nitaisema mbele.

Kusoma kwangu kuliishia darasa la pili. Lakini mikono hii imepokea watoto wa kijiji kizima, na wengi wenu mnaosoma haya mlianza kulia mkiwa mapajani mwangu. Mjue ni nani anayesema nanyi.

Saa nane tulikuwa mtoni. Mafuriko yalikuwa yamelaza migomba ukingoni, na maji yalikuwa mekundu, mazito. Zuhura alilala kwenye jamvi ndani ya mtumbwi. Kikapuni nilitia kanga mbili na chupa ya samli niliyonunua kwa mama mmoja wa Kiorma, maana kwangu mtoto hulambishwa samli kabla ya kitu kingine chochote.

"Bibi, maumivu yanakaribiana," Zuhura akasema.

"Yaache yakaribiane. Mama yako alinisumbua siku mbili, na bado akatoka na kiburi chake."

Akacheka kidogo, kisha akauma kanga.

Saa kumi na moja, Garsen. Tulishuka kwenye gari tulilolipata Kipini, tukapita kati ya mbuzi wa mnada hadi kwenye zahanati. Daktari alikuwa msichana wa rika la Zuhura, miwani puani, kalamu mkononi.

"Uchungu umeanza lini, Bibi?"

"Leo."

Zuhura alinitazama. Daktari akaandika Ijumaa kwenye kadi, akamchoma sindano ya paja, akatuitia ambulensi. "Hii ni ya mtoto," akasema. "Itamkomaza mapafu, ikipata muda."

Haikupata. Alfajiri ya Jumamosi, katika hospitali kubwa ambayo siitaji jina kwa kuwa haikunikosea kitu, kitukuu changu alizaliwa. Msichana. Mdogo kama kuku aliyenyonyolewa. Alilia mara moja tu. Baadaye kila alipovuta pumzi kifua kilibonyea ndani, na kila alipoitoa aliguna. Wakamtia mipira puani, ikimsukumia hewa kutoka kwenye chupa ya maji iliyotokota povu bila moto.

Saa nne asubuhi nesi wa wodi hiyo, mama mtu mzima, alinikuta karibu na kitanda cha kioo walimomlaza, nimeshika chupa yangu.

"Nini hiyo, mama?"

"Samli. Nimesikia mkisema mapafu yake yamekosa mafuta. Mimi nimekuja nayo."

Sikupigiwa kelele. Alinichukua pembeni, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akanieleza. Mapafu ni vifuko vidogo visivyohesabika, na kila kifuko ndani kina unyevu. Maji yanapenda kushikana, kwa hiyo mtoto akitoa pumzi, vifuko hunywea na kugandamana kama mfuko wa nailoni uliolowa. Lakini humo ndani mna seli zinazotengeneza mafuta ya aina yake. Yanaitwa fosfolipidi. Kila kipande kina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Vinajipanga juu ya ule unyevu, vichwa majini, mikia hewani, vinayazuia maji yasivutane. Kifuko kinabaki wazi.

"Na ngozi ya kila seli mwilini mwako imejengwa nayo hayo hayo," akasema. "Safu mbili, mikia imegeukiana ndani, vichwa nje. Seli inayatengeneza kutokana na chakula, yakichakaa inayavunja, vipande inajengea mengine. Haipumziki. Ya mapafuni ndiyo huchelewa, mtoto huyapata kwa wingi miezi ya mwisho."

"Na samli?"

"Samli ni mikia mitatu bila kichwa, mama. Haijui kukaa na maji. Ikimpalia itaziba hata pale palipo wazi."

Nikairudisha chupa kikapuni. Miaka yote hiyo, na wote nilikuwa nawalambisha.

Nesi alifungua kadi. "Ile sindano huziamsha seli zianze kutengeneza, lakini hutaka siku nzima hivi. Bahati mbaya uchungu umeanza Ijumaa. Ungeanza Alhamisi, mkaja siku hiyo hiyo, angekuwa na nafasi nzuri zaidi."

Nikasema, "Ndiyo, bahati mbaya."

Jumapili adhuhuri aliacha kuguna, kisha akaacha kupumua.

Jumatatu tulirudi. Garsen ilikuwa na vumbi na mbuzi wake, kama hakuna lililotokea. Nilimpakata mtoto, amefungwa kwenye kanga moja kati ya zile mbili. Tulipoipita Witu Zuhura alisema, macho dirishani:

"Ilikuwa Alhamisi, Bibi. Nilikuwa napepeta mpunga, nikakwambia."

"Najua."

"Ukanikanda tumbo kwa mafuta. Ukasema ni uchungu wa uongo, utaushusha mwenyewe."

"Ukatulia."

"Haukutulia. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa umeshawaambia majirani umeushusha."

Hiyo ndiyo ile sababu nyingine: nilitoka Ozi nikiwa nimechelewa siku nzima, ili nisionekane nimeshindwa.

Tulimzika kabla ya alasiri. Alipoulizwa jina la mtoto, Zuhura alitaja langu. Sijui alinipa heshima au adhabu, na sitamwuliza.

Nililojifunza si refu. Mwanamke ambaye miezi yake haijatimia akiniambia tumbo linamvuta, siligusi. Nauliza mtumbwi uko wapi. Nanyi wenzangu mnaokanda, ulizeni hivyo hivyo, hata kama mmezalisha kijiji kizima.

Kadi iko sandukuni kwa Zuhura, bado inasema Ijumaa. Ilikuwa Alhamisi, asubuhi, mpunga ukiwa juani.