Watoto wa Namba Tisa

Shangazi yangu amepima watoto kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hajawahi kukisia. Kazini wanamwita Bi Sentimita. Jina lilianza kama kejeli. Mtoto akiwa na sentimita themanini na saba na nukta tatu, wenzake huandika themanini na saba wakaenda zao kunywa chai. Yeye huandika nukta tatu, kisha humsimamisha mtoto tena ahakikishe si nukta nne. Siku hizi hata akipokea simu hujitambulisha hivyo hivyo.

Naandika habari zake kwa sababu ripoti ya utafiti wetu imetoka, jalada lake linang'aa, na hayumo. Hawamo pia watoto kumi na mmoja, na hilo ndilo lililonikalia kooni.

Utafiti ulihusu lishe na makuzi ya watoto wa miaka miwili hadi mitano, na hasa wale wenye dalili za usonji: wanakula nini, wanakua vipi. Fomu ilikuwa na kurasa nne. Mtoto alikula nini jana? Anajua maneno mangapi? Akiitwa anageuka? Anacheza na wenzake? Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa uzito na urefu. Fomu ikikamilika na dalili zikionekana, mtoto angeonwa bure na mtaalamu aliyekuwa anakuja kituoni kwa wiki moja tu. Shangazi aliyasema maneno hayo katika kila nyumba. Ndivyo alivyofundishwa, na aliyaamini.

Wapimaji walikuwa wawili, yeye na bwana mmoja tuliyemwita Chapuchapu. Mimi nilikaa kwenye stoo iliyogeuzwa ofisi, nikiingiza fomu zao kwenye kompyuta.

Kupima urefu kuna utaratibu wake. Mtoto husimama akiegemea ubao, visigino, mabega na kisogo vikiugusa, kisha kibao kidogo huteremshwa mpaka kimguse utosini. Akikataa mara tatu, mpimaji anaandika namba tisa kwenye nafasi ya urefu na kuendelea na safari yake.

Katika nyumba alizopita shangazi, moja ilikuwa ya mama mmoja fundi cherehani, aliyekuwa akishona chumba cha mbele na kulala cha nyuma. Binti yake alikuwa na miaka minne na hakuwa amesema hata neno moja.

"Jana alikula nini?" shangazi alimuuliza.

"Uji."

"Mchana?"

"Wali mtupu."

"Na jioni?"

Fundi alicheka bila furaha. "Dada, andika nyeupe. Uji, wali, mkate uliotolewa ganda, kiazi. Punje moja ya haragwe ikigusa sahani, basi siku hiyo hali tena. Mama mkwe anasema mimi mvivu wa jikoni. Nesi alisema nimpe mayai, atasema. Nimempa. Aliyatapika, na mimi nikatukanwa kwa kumtapisha."

Shangazi aliyaandika yote, kisha akasimika ubao. Mtoto alivumilia mpaka alipoona kibao kinamshukia kichwani. Akapiga yowe, akajikunja, akamng'ata shangazi mkononi. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Mara ya tatu alikwisha kuingia chini ya cherehani na hakuna aliyethubutu kumtoa. Shangazi akaandika tisa.

"Usijali, dada," alimwambia fundi akifunga mkoba. "Kurasa nyingine zote zimejaa. Ataonwa."

Jumatatu ya wiki ya mtaalamu, orodha ilibandikwa kwenye mlango wa kituo. Ilikuwa na watoto thelathini na wawili. Shangazi aliisoma kwa kidole toka juu hadi chini, akarudia toka chini hadi juu, ndipo akaja stoo.

"Mwanangu, kumi na mmoja wangu wako wapi?"

Nilimwonyesha. Kila fomu yenye tisa kwenye urefu ilikuwa imetupwa nje kabla orodha haijatengenezwa, kwa kuwa bila urefu hesabu ya udumavu haifanyiki. Msimamizi wa utafiti ndiye aliyeagiza. Aliyebonyeza ni mimi, Ijumaa saa kumi, na niliwaona wakitoka kwenye kioo cha kompyuta mmoja mmoja. Nilidhani wakubwa wanajua wanachofanya.

"Na Chapuchapu ana tisa ngapi?"

"Hana hata moja."

Alitoka bila kuaga, na mimi nikamfuata hadi kwa msimamizi. Chapuchapu alikuwa humo, ameegemea dirisha akimenya karanga.

"Fomu zenye kasoro huondolewa, Bi Sentimita," msimamizi alisema. "Ndivyo sayansi ilivyo."

"Kasoro ni ya fomu au ya mtoto?"

"Usinipandishie sauti."

"Sijapandisha. Hii ndiyo sauti yangu, huwa tu hamuisikilizi."

Chapuchapu akajichekea. "Sasa mama, si ungeandika tisini na sita yakaisha? Mtoto wa miaka minne hachezi mbali na hapo. Nani atakufuata na rula?"

Shangazi akamgeukia taratibu. "Kumbe wako ndivyo wanavyosimama."

"Wangu wana adabu."

"Watoto mia moja na arobaini, asilie hata mmoja? Hata kinyozi hana bahati hiyo!"

Msimamizi aligonga meza kwa kalamu. Alisema siku za vipimo zimekwisha na hataki ugomvi. "Halafu nikwambie ukweli. Wengi wa hao wako ni lishe tu. Nimesoma wanachokula. Uji, wali, mkate. Wakilishwa vizuri watasema."

"Umemwona hata mmoja wao?"

"Nimesoma fomu."

"Umesoma fomu, ukaifuta, kisha unaitumia kumhukumu mama wa watu!"

Karanga ziliacha kumenywa. Msimamizi akafungua droo, akamsukumia shangazi bahasha yenye zile fomu kumi na moja. "Jaza urefu leo hii, niwarudishe kwenye orodha. Sitauliza umeupata wapi."

Tulirudi stoo. Alikaa kwenye kiti changu, kalamu mkononi, fomu ya binti wa fundi ikiwa juu. Nilimwomba aandike. Nilimwambia ni namba mbili tu, na mtoto ataonwa.

"Nikiandika tisini na sita nimesema alisimama," alisema. "Wewe ulimwona anasimama? Kule kukataa kwake ndiyo habari yenyewe. Wamepima lishe, wamepima maneno, halafu dalili iliyong'ata mkono wangu wanataka niifute kwa wino!" Akaifunga kalamu.

Asubuhi ya Jumanne alimvizia mtaalamu mlangoni. Mtaalamu alikuwa mama mfupi mwenye viatu vilivyochakaa kisigino, ameshika chai kwenye kikombe cha karatasi. Alizipokea fomu huku amesimama.

"Hawa wamefanya nini?"

"Wamekataa kusimama kwenye ubao."

Mtaalamu akasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu, chai ikapoa. "Ndio niliokuja kuwatafuta. Nani amewaondoa?" Hakungoja jibu. Alihesabu saa zake za chakula na jioni ya Ijumaa, akapata nafasi saba. "Zaidi ya hapo siwezi. Wewe unawajua, chagua."

Yupo mtu ambaye angemweka binti wa fundi wa kwanza, na mtu huyo ni mimi. Shangazi alizipanga fomu kwa umri, wadogo kwanza, maana mtaalamu mwenyewe alisema msaada wa mapema ndio unaozaa matunda. Binti wa fundi akawa wa nane.

Basi wiki ikaenda. Alhamisi kabla ya adhuhuri, mama mmoja kutoka fomu za Chapuchapu aliingia na mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Kwenye fomu kuliandikwa: haitiki, hasemi, hachezi na wenzake.

"Shikamoo, daktari!" mtoto alisema kabla mlango haujafungwa. "Hiki kiti kinazunguka? Nani alikinunua? Mimi nina ndugu, anaitwa mtoto, hajapewa jina, analia sana. Wewe unalia?"

Mtaalamu alimtazama mama. Mama alimtazama mtaalamu.

"Mpimaji alifika kwenu?"

"Alisimama barabarani akamuuliza jirani tuko wangapi," mama alisema. "Tumeitiwa nini hasa?"

Nilikuwa koridoni nikipanga mafaili. Mtaalamu alitoka akaita, kwa sauti iliyosikika hadi ofisi ya msimamizi: "Bi Sentimita! Nina dakika arobaini zisizo na mwenyewe. Mlete wa nane!"

Shangazi ana miaka hamsini na nne na magoti yasiyomsikiliza. Alikimbia. Alimkuta fundi na nguo ya mteja chini ya sindano, akamwambia iache hapo hapo ilipo. Walifika mtoto akiwa mgongoni, amekumbatia kopo la vifungo.

Hakuna aliyemsimamisha popote. Mtaalamu alivua viatu, akakaa sakafuni na kumwaga vifungo. Mtoto akavipanga kwa safu. Mtaalamu akaongeza kimoja mahali pasipo pake, mtoto akakitoa bila kuinua macho. Alimwita jina mara nne, asigeuke. Alimuuliza fundi maswali, nusu saa nzima, na kati ya yote lile la chakula lilikuja mwishoni.

"Ni usonji," alisema. "Na hii ya kula vyeupe ni sehemu yake. Huo uji wako haukumletea. Kuna njia za kumzoesha vyakula vingine taratibu, nitakuonyesha, na utarudi kituoni kila mwezi kwa nesi nitakayemwelekeza. Lakini usikubali tena mtu akuambie ulimnyamazisha kwa sahani."

Fundi hakulia. Alikusanya vifungo kimoja kimoja, uso umekaza. "Miaka miwili," alisema. "Miaka miwili wananilisha mimi lawama, na mtoto nani alimtazama?"

Watatu walibaki. Ijumaa gari la mtaalamu liliondoka, na hao hawakuonwa. Shangazi hakutuma mtu wala ujumbe wa simu. Jumamosi tulikwenda nyumba moja moja, mimi nikibeba bahasha. Ya kwanza walitusikiliza kwa adabu iliyouma kuliko matusi. Ya pili bibi alitufungia mlango, shangazi akamaliza maneno yake akiuambia ule mlango. Ya tatu alikuwapo baba, mwashi, mikono bado ina saruji.

"Ulisema ataonwa."

"Nilisema. Nilikosea kuwaamini."

"Sasa ataonwa lini?"

"Sijui."

"Nani anajua?"

Shangazi alifikiri kidogo. "Msimamizi. Mlango wa pili kushoto ukiingia kituoni. Nenda Jumatatu asubuhi, na mtoto umchukue. Bado hajamwona hata mmoja."

Akageuka, akarudi nyumba ya pili na ya kwanza, akawaambia vivyo hivyo.

Jumatatu saa mbili na nusu watoto watatu walikuwa ofisini kwa msimamizi. Mmoja alikuwa akizima na kuwasha taa. Wa pili alipiga yowe kila simu ilipolia. Wa tatu alilala chali chini ya meza na hakuna aliyemtoa. Wazazi walikaa kimya kwenye viti vya wageni, wakingoja jibu. Sauti ya msimamizi ilianza kwa amri, ikashuka kuwa ombi. Baada ya saa nzima alitoka, kola imelowa jasho, akaja stoo kuniuliza kama zile fomu bado zipo.

Nilimwambia kwenye kompyuta hazimo, kwa agizo lake. Za karatasi anazo Bi Sentimita.

"Mwite. Nataka kumwandikia mtaalamu barua."

"Amekwenda kupima," nilisema. "Anarudia nyumba za Chapuchapu. Zote mia moja na arobaini."