Nilinusa Shati, Nikasema Mdomo

Kosa ni langu, na nalisema mapema ili msije mkanionea huruma huko mbele. Mume wangu aliniambia breki zimekataa, mimi nikamwita mlevi. Nilimwita hivyo mbele ya wajomba zangu, na ili waniamini nikaongeza neno moja la uongo. Jina langu liacheni. Mume wangu nitamwita Baba Neema, ingawa mtoto wetu haitwi Neema.

Tunaishi Chilangala, huku juu Newala. Tuna mikorosho yetu na pikapu moja kuukuu, ambayo hubeba kila kitu: korosho kwenda ghalani, maji wakati wa kiangazi, maharusi, hata maiti. Dereva alikuwa Baba Neema. Ni mtu mpole hadi anakera. Akiendesha utadhani amebeba mayai, na mimi nikikaa pembeni yake nilikuwa namwambia, "Baba Neema, kanyaga basi, tutafika lini?" Yeye anacheka tu.

Zamani alikuwa akinywa, sitalificha hilo. Neema alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, baba yake alitoka naye kwenda kwenye uraka, ile pombe yetu ya mabibo, matunda ya mkorosho, akarudi peke yake. Tulimkuta mtoto kwa mama muuza pombe, amelala juu ya magunia. Kesho yake Baba Neema alikwenda kwa padri akaapa, na hakuonja tena kwa miaka minane. Akapewa kazi ya kupiga kengele ya kanisa, na hakuna Jumapili aliyochelewa. Watu wote walimsamehe. Mimi pia nilisema nimesamehe, lakini kila alipochelewa kurudi nilikuwa namsogelea mlangoni na kuvuta pumzi. Alijua nafanya nini. Hakuwahi kunisema.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyoharibu.

Ilikuwa msimu wa korosho, mwaka juzi. Asubuhi ile wanawake wa kijiji cha jirani walimwita awabebee mabibo, maana wao ndio wapishi wa uraka. Yeye hakukataa, kazi ni kazi. Mabibo yakiwa kwenye magunia yanajiponda yenyewe, na juisi inatiririka. Aliyabeba mgongoni moja moja, akayapakia, akayashusha, kisha akarudi nyumbani na pikapu tupu.

Mama yangu mzazi alikuwa amekaa chini uani, amenyoosha miguu, anachambua korosho juu ya turubai. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko. Pikapu iliingia polepole sana, mwendo ambao mtu mwenye haraka angeipita kwa miguu. Ua wetu una mteremko kidogo kuelekea barazani. Nikasubiri isimame kama siku zote. Haikusimama.

"Mama, toka! Toka, Mama!" Baba Neema alikuwa anapiga kelele kutoka dirishani.

Mama ni mtu mzima, hainuki kwa haraka hivyo. Aligeuza kichwa tu. Tairi la mbele lilipanda juu ya mguu wake wa kushoto, na pikapu ikaenda kuegemea baraza. Mlio wa ule mfupa nausikia mpaka leo, na sitausimulia.

Baba Neema aliruka chini. "Pedali imezama," akasema. "Nimeikanyaga ikaenda hadi chini, kama nakanyaga uji. Mama Neema, imezama." Hendibreki ilikuwa imekufa siku nyingi, kama ilivyo kwenye pikapu nyingi za huku, kwa hiyo hakuwa na cha kushika.

Alipoinama tumnyanyue Mama, shati lake likanigusa usoni. Lilikuwa limelowa mgongo mzima. Na lilinuka, jamani, lilinuka uraka mtupu. Hapohapo akilini nikamwona Neema mdogo juu ya yale magunia ya kwa muuza pombe.

"Umekunywa," nikamwambia.

"Magunia yamenivujia. Ni mabibo hayo."

"Mabibo hayavunji mguu wa mtu."

Tulimpeleka Mama hospitali, akafungwa plasta kutoka pajani hadi kwenye vidole.

Fundi alikuja kuitazama pikapu siku ya pili. Akapanda, akaikanyaga pedali kwa nguvu mara tatu, pa, pa, pa. Akachungulia chini ya gari, hakuna tone la mafuta lililovuja. "Breki hii ni ngumu kama jiwe," akasema. "Tena mnasema ilikuwa inatambaa? Breki haziwezi kukataa gari likiwa linatambaa." Mimi nilikuwa nimesimama pale nimejifunga kanga kiunoni, na yale maneno yalinishibisha.

Siku ya tatu wajomba walikaa kikao. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, na aliyevunjwa mguu ni dada yao. Mjomba mkubwa aliniuliza swali moja: "Wewe ndiwe uliyekuwa karibu naye. Ulimnusa?"

"Nilimnusa."

"Wapi? Maana anasema ni nguo."

Hapa ndipo kosa langu lilipo. Nilikuwa nimenusa shati. Mdomo wake sikuukaribia hata kidogo, na nilijua kuwa sikuukaribia. Lakini nilikuwa na hasira ya siku tatu juu ya hasira ya miaka minane, na niliona nikisema shati, ataponyoka.

"Mdomoni," nikasema.

Baba Neema aliinua uso akanitazama. Hakuonekana kukasirika. Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake, anayesubiri mwitaji ajirekebishe. Mimi nikatazama pindo la kanga yangu.

Mjomba akamwambia, "Mkwe, sema tu. Ukisema, yamekwisha, tutakusamehe kama mtoto wetu. Usiposema, dada yangu nitamchukua, na mpwa wangu huyu atamfuata mama yake pamoja na mtoto."

Baba Neema akasema, "Nilikunywa."

"Vikombe vingapi?"

Ndugu zangu, mume wangu hakujua ajibu nini. Alinigeukia mimi, kama vile mimi ndiye niliye na hesabu ya vikombe vyake. "Viwili," akasema. Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Wewe, viwili tu?" Basi akasema, "Vinne." Wakatikisa vichwa wakaridhika. Nami niliridhika! Nilirudi nyumbani nimenyoosha shingo, najiambia nimeokoa nyumba yangu.

Mama alikuwa bado hospitali. Nilipompelekea uji nikamweleza kuwa mkwe wake amekiri. Mama akaacha kula. "Nilimwona usoni," akasema. "Yule mtu alikuwa anakanyaga. Anakanyaga na goti linazama. Mlevi hana uso ule." Nikamwambia, "Mama, kunywa uji."

Kusamehewa kwa watu nako kuna namna yake. Kanisani aliambiwa apumzike kwenye kengele kwa muda. Dukani akinunua sukari, mtu anamuuliza kama ni ya kutolea hangover, halafu wanacheka. Mimi nilimnyang'anya ufunguo wa pikapu. Leseni ninayo, na aliyenifundisha kuendesha ni yeye huyohuyo, pale uwanja wa mpira, kwa uvumilivu ambao sikuustahili. Miezi minne alikaa nyumbani bila kuongea, kisha akasema anakwenda Masasi kutafuta kibarua. Hakuchukua hata begi, alichukua mfuko wa rambo.

Basi nikaendesha mimi. Na pikapu ikanitii! Mwaka mzima haikunisumbua, na kila iliposimama vizuri nilizidi kuona nilikuwa sahihi. Sikujua kuwa inanitii kwa sababu ya tabia yangu. Mimi nakanyaga kwa kishindo. Hata mlango naufunga kwa kishindo.

Mwaka jana, msimu ulipoanza, nilimpeleka Mama kliniki Newala mjini. Mguu haukuunga vizuri, anatembea na fimbo, na gari likistuka analia. Kwa ajili yake nikaendesha siku ile kama anavyoendesha Baba Neema. Tulipokaribia pale bodaboda wanapoegesha, nikapunguza mwendo, pikapu ikawa inatambaa, nikaweka mguu kwenye breki taratibu ili Mama asiumie.

Pedali ikazama.

Haikukataa kwa ghafla. Ilikwenda chini laini, bila ubishi, mpaka ikagusa sakafu, na pikapu ikaendelea na safari yake kana kwamba sikuwemo. Nilipiga honi, nikapiga kelele. Vijana wa bodaboda waliruka, namshukuru Mungu wote waliruka. Pikapu ilizoa pikipiki mbili, ikasimama kwenye ukuta wa mabati wa kibanda cha chipsi.

Nikashuka. "Breki imekataa," nikawaambia. "Nimekanyaga, imezama."

Mmoja wao akapanda, akaikanyaga kwa nguvu, pa, pa. "Mbona ngumu hii?" Akamgeukia mwenzake. "Huyu mama ameshaonja uraka wa asubuhi." Wakacheka wote. Niliapa. Nikamwambia mmoja aninuse mdomo. Mwanamke wa umri wangu, mwenye kanga ya kanisa, nimesimama barabarani nimeachama, naomba kunuswa na vijana. Hakuna aliyesogea.

Mama alikuwa bado amekaa ndani, ameushika mguu wake kwa mikono miwili. Nilipofungua mlango nimsaidie kushuka, alinitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Na wewe ulikunywa vikombe vingapi?"

Nikamshika kwapani nikamshusha.

Tulikwenda kwa fundi mwingine, mzee mtaratibu. Yeye aliniuliza swali ambalo hakuna aliyemuuliza Baba Neema: ulikanyaga kwa nguvu au polepole? Akawasha gari, akaweka mguu kwenye pedali kama anamgusa mtoto aliyelala, akasubiri. Ikazama mbele ya macho yangu. Akanieleza kuwa ndani ya masta ya breki, ile pampu inayosukuma mafuta, kuna raba, na zile zimelika. Ukikanyaga kwa nguvu raba zinatanuka na kuzuia mafuta, gari linasimama. Ukikanyaga polepole, kama mtu anayetambaa, mafuta yanapita pembeni ya raba na kurudi yalikotoka. Hayavuji nje, ndiyo maana huoni kitu chini ya gari. "Watu wapole ndio zinawaponza," akasema, huku anafuta mikono.

Nilirudi kwa Mjomba, nikampelekea zile raba kwenye karatasi. Nikamwambia nilidanganya, sikumnusa mdomoni. Alizigeuzageuza, akanirudishia. "Lakini mwenyewe alikiri," akasema. "Tena alitaja vikombe." Nikatoka.

Kwenda Masasi nilipanda basi. Nilimkuta Baba Neema nyuma ya ghala moja la korosho anakopakia magunia, asubuhi, jua bado halijapanda vilima vya mawe vya pale. Amekonda. Ameketi juu ya tofali. Nilipiga magoti pale vumbini nikamwambia yote: raba, bodaboda, Mama na swali lake, na lile neno nililolisema kwenye kikao.

"Nilijua hukuninusa," akasema. "Hukuusogelea mdomo wangu siku ile. Nilikuwa nangoja useme."

Nikalia. Nikamwomba turudi nyumbani, nikamwambia kengele sasa inapigwa na kijana anayechelewa kila Jumapili. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha aliinama, akaleta uso wake karibu kabisa na wangu, akapumua.

"Haya, nusa," akasema. "Ukienda kuwaambia wajomba zako leo, hutakuwa umesema uongo."

Ilikuwa kweli. Saa moja ya asubuhi, na ilikuwa kweli. Miaka minane aliyoijenga siku kwa siku, mimi niliivunja kwa neno moja, na sasa hana tena sababu ya kuilinda. Alisimama akaenda kupakia magunia. Nilikaa pale hadi saa tano, hakugeuka, nikarudi na basi la mchana. Nilikwenda tena mara mbili. Mara ya mwisho waliniambia hayupo, na niliviona viatu vyake chini ya mlango.

Pikapu ni nzima sasa, raba mpya. Kila asubuhi kabla ya kuondoka naikanyaga breki polepole, na kungoja kama ilivyomlazimu yeye kungoja. Inasimama imara. Ninyi wenye pikapu kuukuu, jaribuni hivyo, msidanganyike na pa, pa, pa. Na mtu wenu akiwaambia jambo ambalo hamjawahi kuliona, kaeni kwenye kiti chake kwanza, muweke mguu alipouweka yeye.

Na wewe mwanamke mwenzangu unayevuta pumzi mlangoni, nakuomba. Ukimnusa mumeo, mnuse mdomoni. Na kama hukumnusa, sema hukumnusa.