Siku Niliyoukana Uganga

Nilikuwa kinyozi wa Kilwa Kivinje, lakini ole wako uniite hivyo nawe una jipu shingoni. Wembe wangu ulikuwa na kazi mbili. Asubuhi ulinyoa vichwa na ndevu. Mchana ulipasua majipu na kutahiri watoto. Nilikuwa pia na pembe za ng'ombe za kupigia chuku, ile kazi ya kufyonza damu chafu mgongoni. Mtu wa kunyolewa aliniita kinyozi nami niliitika. Mtu wa kupasuliwa nilimtaka aniite mganga. Asiyetaka nilimwambia akapasuliwe na mkewe.

Mke wangu alinicheka. Alisema mimi napiga chuku mara mbili, moja kwa pembe na nyingine kwa mdomo. "Baba watoto," aliniambia, "kinyozi, ngariba, mganga, si wembe ule ule?" Nilinuna siku mbili. Nilikuwa na kiburi cha jina, sioni haya kusema.

Kwenye boma la Wadachi alikuwako daktari wao wa kupasua, naye watu wote, hata askari, walimwita Bwana Mganga. Jambo hilo lilinipendeza mno. Nikitoka msikitini nikamkuta njiani, nilimsalimu kama mwenzangu wa kazi. Yeye hakujua kwa nini.

Kisha vikaja vita vya maji. Waganga waliogawa maji kule Umatumbini walisema risasi za Mdachi zitageuka maji. Hazikugeuka. Mdachi alipopata nguvu tena, akawa anamsaka kila aitwaye mganga, na kamba ya kunyongea haikukaa bure. Mji mzima ukaliogopa neno lile. Hata mke wangu aliacha kunitania.

Aliyenitaja hakunitakia mabaya. Alikuwa mkulima wa upande wa Kipatimu niliyemtibu kidonda cha mguu. Askari walipomuuliza anamjua mganga gani, maskini alinisifu. Wakanikuta barazani kwangu, kichwa cha mteja nimekinyoa upande mmoja tu. Wakanichukua mimi na mfuko wangu.

Bomani, Bwana Shauri, yule Mdachi aliyehukumu, aliniuliza kwa kinywa cha mkalimani, "Wewe mganga?"

"Mimi kinyozi, bwana."

Neno lililonikera miaka yote lilinitoka laini kama uji.

Hawakuniamini. Waliumwaga mfuko, pembe zikatoka, na askari mmoja akasema hizo ndizo za dawa ya vita. Niliogopa vibaya. Watu husema saa kama ile mtu humkumbuka Mungu na watoto wake. Mimi niliifikiria shingo yangu tu. Akaitwa Bwana Mganga azitazame. Akazinusa, akazigeuzageuza, akatabasamu. Kisha akakaa kitini, akanielekezea shavu, akauonyesha wembe kwa kidole.

Nimenyoa watu wengi, lakini sijapata kunyoa kama siku ile. Wembe ulipogusa ngozi, mkono ulijua kazi yake wenyewe. Alipomaliza kujipapasa kidevu, akasema maneno marefu kwa Kidachi. Mkalimani akatangaza, "Bwana Mganga asema huyu si mganga. Asema hata kwao, zamani, waliopasua watu walikuwa vinyozi, na madaktari wa vitabu hawakutaka kula nao meza moja." Watu wakacheka, Bwana Shauri naye akacheka. Nikacheka pia, maana niliambiwa niende zangu.

Nilikuwa nimechutama naokota pembe zangu pale aliposogezwa mbele mzee wa mtaa wa pili, mtu wa kuwapa watoto mizizi ya kikohozi. Wanangu watatu walikunywa dawa yake wakapona. Aliulizwa swali lile lile. Alimtazama Bwana Mganga, kisha akajibu kwa adabu, "Naam, mganga. Kama bwana huyu."

Safari hii hakucheka mtu. Bwana Shauri akanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu.

"Unamjua?"

Nilijua la kusema. Ilitosha kusema kwamba huyu ni mganga wa kikohozi cha watoto, na kwamba mambo ya vita hayajui. Lakini ili niseme hivyo ilinibidi nilitamke neno lile, mle ndani, kwa mdomo wangu mwenyewe, na mlango ulikuwa wazi ukinisubiri.

"Namjua, bwana," nilisema. "Huwa namnyoa."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kunishuhudia kwamba sikusema uongo. Walimnyonga kesho yake.