Bi Safuria wa Bagamoyo

Tarsis Kimaro anauza vyombo vya jikoni Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, huu mwaka wa ishirini na sita. Wateja humwita Mangi, kama wanavyomwita kila Mchaga mwenye duka, naye huitika. Ujanani alitaka kuwa mwalimu wa historia. Baba yake alitaka awe na duka. Akawa na duka.

Mlangoni kuna ubao mweusi ambao zamani aliandika bei. Miaka minne iliyopita, asubuhi ya mvua isiyo na mteja hata mmoja, alifuta bei akaandika kwamba jina la Kariakoo limetokana na Kiingereza, jina la kikosi cha wapagazi wa vita waliowekwa pale enzi za Vita Kuu ya Kwanza. Watu wanane walisimama kusoma. Mmoja akaingia akanunua mfuniko.

Tangu hapo hakuacha. Kila siku jambo moja, juu yake maneno "Je, wajua?" Meza ni Kireno. Shule ni Kijerumani. Siku aliyoandika kwamba gereza limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, mwenyekiti wa jumuiya yake ya kanisani alimpigia simu kumuuliza kama nyumbani kuna tatizo lolote.

Msomaji wake mkubwa alikuwa Bi Mwanahawa, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mzaliwa wa nyumba ya ng'ambo ya mtaa. Kila asubuhi alisimama mbele ya ubao, akasoma mpaka mwisho, akaitikia shikamoo ya Tarsis, akaenda zake. Hakuwahi kusema neno juu ya alichosoma.

Mambo hayo Tarsis aliyatoa kwenye kamusi na vitabu chakavu, akayanakili kwenye daftari. Mwezi Machi paa la stoo lilivuja, daftari likaloa, wino ukawa bahari. Kesho yake alisimama mbele ya ubao na chaki mkononi na kichwa kitupu. Akatazama bidhaa zake. Akaandika kwamba neno sufuria limetokana na jina la Bi Safuria wa Bagamoyo, mwanamke wa kwanza wa pwani kuacha chungu na kupikia chombo cha chuma.

Hakuna Bi Safuria. Alimtunga pale pale, kwa muda wa kuchora mstari.

Watu walimpenda kuliko Wareno wote. Walipiga picha ubao. Siku ya tatu dada yake Jovitha alimtumia picha hiyo kutoka Moshi, akimshauri aisome kwa sababu yeye hupenda mambo ya namna hiyo. Siku ya sita redio moja iliisoma asubuhi. Mtangazaji alimwongezea Bi Safuria mume.

Wiki ya pili akaja mtu wa makamo aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri, akajitambulisha kwa jina la Abubakary, wakala wa kutoa mizigo bandarini. Alisema kwao ni Bagamoyo, na bibi mzaa baba yake alikuwa mpishi wa harusi aliyesifika mji mzima. Ukoo ulikuwa umekaa kikao. Wameona Bi Safuria hawezi kuwa mtu baki. Ijumaa ya pili watamsomea hitima, na wanaomba Tarsis awaandikie historia yake, ukurasa mmoja unatosha.

Tarsis alitaka kusema ukweli. Badala yake aliuliza watasoma saa ngapi. Abubakary akasema baada ya swala ya Ijumaa, akamwachia namba ya simu, akamshukuru kwa mikono miwili, akaondoka.

Mchana ule Tarsis hakula. Kumtania mtu aliye hai ni jambo moja. Yeye sasa alikuwa amewapa watu marehemu. Alivuka mtaa akabisha hodi kwa Bi Mwanahawa, akamweleza yote akiwa amesimama.

"Nilijua siku ile ile," alisema Bi Mwanahawa. "Sufuria ni Kiarabu. Limetokana na neno lao la shaba."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Hukuniuliza, Mangi. Miaka minne unaandika, hujaniuliza kitu." Akamwonyesha kiti. "Kaa umpigie simu hapa hapa, nikusikie."

Tarsis akapiga. Alisema hakuna Bi Safuria, kwamba amemtunga yeye, na kwamba anaomba radhi. Upande wa pili zilisikika honi za malori. Kisha Abubakary akauliza kwa upole kama ana uhakika. Tarsis akasema anao.

"Mbuzi tumeshanunua," alisema Abubakary.

Bi Mwanahawa, ambaye alikuwa anasikia yote, aliomba simu. Baada ya salamu alimuuliza Abubakary yule bibi yake mpishi aliitwa nani. Akajibiwa Mwanaidi. Akamuuliza mara ya mwisho kusomewa hitima ilikuwa lini. Abubakary hakukumbuka. Bi Mwanahawa akamwambia basi mbuzi ana kazi, akarudisha simu.

Kesho yake Tarsis aliandika masahihisho kwa herufi kubwa, pamoja na kuomba radhi. Hakuna aliyepiga picha. Redio haikusoma chochote.

Ijumaa ya hitima, ambayo sasa ilikuwa ya Mwanaidi, alifunga duka akaenda Bagamoyo na mchele gunia moja. Alitegemea kuangaliwa vibaya, lakini walimpa nafasi ukumbini na sahani ya pilau kama wageni wengine. Walipomaliza kula, shangazi watatu wa Abubakary walikaa karibu naye wakamsimulia habari za mama yao: alivyopima chumvi kwa kunusa tu, alivyomfukuza bwana harusi jikoni. Tarsis akatoa daftari jipya akauliza alizaliwa mwaka gani. Shangazi wa kwanza alitaja mwaka. Wa pili akataja mwingine. Wa tatu akasema wote wawili wamekosea, akataja wa kwake.

Tarsis hakuandika hata mmoja. Aliwauliza nani mwingine pale mjini anaweza kujua.