Ngoma Moja Iliyoziba Macho ya Rada

Jumamosi, saa nane mchana. Gari jeupe lenye antena juu ya paa limeegeshwa kando ya barabara, mahali ambapo kijiji cha Lisje kinaonekana chote: kanisa, paa za vigae vyekundu, na mistari ya rasiberi inayopanda kilima mpaka msituni.

Ndani ya gari ameketi Stamena Plazinić, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, amevaa kipokea sauti kwenye sikio moja tu. Sikio la pili ameliacha wazi kwa ajili ya kodiani inayosikika kutoka bondeni.

"Ukitaka kujua mawimbi yataanza lini, sikiliza kodiani," anasema bila kugeuka. "Siku hizi mpiga picha hawashi mitambo yake mpaka watu waanze kucheza."

Stamena ni fundi wa upimaji katika idara ya serikali inayosimamia masafa ya redio. Kazi yake ni kuvitafuta vyombo vinavyozungumza mahali pasipo pao hewani. Mara nyingi ni mambo ya kuchekesha, kama lango la gereji lililokuwa likifunguka lenyewe kila padri aliposhika kipaza sauti. Mshahara wake unatosha chakula, kuni za majira ya baridi na soksi za wajukuu, basi.

Vijijini wanamwita "mama wa mawimbi", na kila anaposimama hakosi mwenye swali. Wiki iliyopita mzee mmoja alimzuia njiani akitaka kujua kama kamera mpya ya mjukuu wake, ile inayotuma picha bila waya, itamuunguza mtoto ubongo.

"Nikaipima mbele yake," anasimulia. "Nikamwambia, mzee wangu, hii haijakaribia hata kidogo kiwango cha hatari. Kama ni kupima, ningeanza na hiyo glasi ya pombe ya rakia uliyoshika."

Anacheka, kisha anarudisha macho kwenye skrini. Leo hakutumwa na mtu. Tangu mwaka jana ameomba mwenyewe apangiwe zamu za Jumamosi za kiangazi, zamu ambazo wenzake huzikimbia.

Mwaka jana, majira kama haya, alipigiwa simu na Obren, mtazamaji wa rada ya mvua ya mawe. Rada hiyo iko juu ya mlima. Inatuma mawimbi kwenye mawingu, yanarudi, na Obren anajua ni wingu lipi linapika mawe. Hapo ndipo anapowaamuru watu wa vituoni warushe roketi zao ndogo kulipasua kabla halijafika mashambani. Huku kwetu, ambako robo saa ya mvua ya mawe inaweza kufuta kazi ya mwaka mzima, macho ya Obren ndiyo macho ya kila mkulima.

Obren alikuwa na tatizo. Kwenye skrini yake ulikuwa umetokea mstari mweupe, mwembamba karibu na rada na mpana kadiri unavyokwenda mbali, kama mwanga wa tochi. Chochote kilichokuwa nyuma ya mstari ule hakikuonekana. Wenzake walishuku mtambo umeharibika, wengine wakashuku jeshi.

"Unatokea siku zote?" Stamena alimuuliza.

"Hapana. Jumamosi tu, kuanzia mchana."

"Jumamosi tu? Basi hiyo si hitilafu, Obren. Hiyo ni harusi."

Jumamosi iliyofuata aliufuata mstari ule kwa gari, na ukamleta hadi hapa hapa alipoegesha leo. Aliukuta mtandao wa waifai wa kamera, mkubwa na wenye nguvu kupita kiasi, tena ukiwa hauna hata neno la siri. Picha zikaanza kupita kwenye skrini yake mwenyewe, mbichi, jinsi zilivyokuwa zikitoka kwenye kamera. Bibi harusi alikuwa anafungwa vifungo vya gauni, mgongo uko wazi, na nyuma yake dada zake wawili walikuwa bado hawajavaa.

"Niliifunika skrini kwa kiganja," anasema. "Nilijisikia kama mtu aliyefungua bafu akakuta watu ndani."

Alipoteremka kijijini na kuingia uani, mpiga picha alimkimbilia kwa furaha. Alikuwa Velizar, mtoto wake wa ubatizo.

Inabidi msomaji alielewe hili, maana kisa chote kimelala hapa. Kwa watu wa milima hii, ukimshika mtoto wa mtu kwenye beseni la ubatizo umekuwa damu yake, na wengine wanasema umezidi damu. Humshtaki, humwaibishi mbele ya watu, na akikuomba kitu unaona haya kumnyima.

"Karibu, mama," Velizar alimwambia. "Umekuja kula au kunikamata?"

"Vyote viwili. Kisanduku chako cha kurushia mawimbi kiko wapi?"

Kilikuwa juu ya paa la ghala, kimefungwa kwenye mlingoti kwa waya wa uzio. Kamera ilikipelekea picha, nacho kikazirusha hadi kwenye skrini kubwa hemani, iliyowashwa wakati wa ngoma tu, wageni wajione papo hapo wakicheza. Hakuna mpiga picha mwingine wilayani aliyekuwa na kitu kama hicho, na Velizar alikuwa amepata tarehe za harusi mpaka vuli kwa sababu yake.

"Nani alikuwekea?"

"Baba mdogo alikileta Pasaka, kutoka Chicago. Mwanzoni kilikuwa kinahamahama masafa, picha zinakatika katikati ya ngoma, watu wananicheka. Rafiki yangu mmoja akakifunga kikae mahali pamoja."

"Veljo," Stamena alimwita kwa kifupi cha jina lake, "kilikuwa kinahama kwa sababu kinaisikia rada na kuipisha. Ndivyo kilivyotengenezwa. Ninyi mmekiziba masikio, tena kinaamini bado kiko Amerika na kinafuata sheria za huko."

Velizar alitazama mlima, halafu akamtazama mama yake wa ubatizo. Angani, upande wa magharibi, mawingu yalikuwa yameanza kuwa na rangi ya risasi.

"Ngoma moja tu, mama," alisema. "Wazee wajione kwenye skrini, halafu nakizima mwenyewe. Nikikizima sasa hivi nimekwisha, hakuna atakayeniita tena."

Stamena alikubali. Ngoma moja.

"Mgeni angesamehewa," anasema sasa. "Mimi nimezaliwa hapa. Mimi najua ngoma moja ni nini."

Kila mtu huku anajua. Ngoma yetu ya duara haiishi kwa wakati wake. Anayeongoza duara akiwa na noti mfukoni, anambandikia mpiga kodiani, na kodiani haisimami. Siku ile aliyeongoza alikuwa baba wa bwana harusi, ambaye alikuwa amemngojea mwanawe aoe mpaka nywele zikamwisha. Alibandika noti kwenye kodiani, akabandika kwenye paji la uso la mpigaji, akabandika tena. Duara likatoka hemani, likazunguka ghala, likarudi.

Obren akapiga simu. "Umekizima?"

"Bado kidogo. Ngoma inaisha."

"Stamena, kuna kitu kinakua nyuma ya mstari. Naona kingo zake tu. Katikati sioni."

Alimpungia mkono Velizar, naye akamwonyesha kwa ishara kwamba wanamaliza. Hawakuwa wanamaliza. Obren alipopiga mara ya pili alipumua tu kwenye simu. Hapo Stamena akavuka duara, akawapita watu wakicheza, akaingia ghalani na kung'oa waya ukutani.

Skrini ikawa nyeusi. Kodiani ikasimama. Umati mzima ukamgeukia akiwa amesimama mlangoni na waya mkononi, na Velizar akainamisha kichwa.

Roketi ziliruka baada ya muda mfupi, lakini wingu lilikuwa limeshavuka. Harusini yalidondoka matone makubwa na vipande vichache vya barafu, vijana wakaviokota na kuvitia kwenye glasi zao. Mawe yenyewe yalikwenda upande wa pili wa kilima, kwenye shamba la Persida Ćirjaković.

Persida ni mjane mwenye nusu hekta ya rasiberi na binti mmoja. Alikuwa ameshawapata wachumaji, angeanza kuvuna Jumatatu. Wingu lilipopita hapakubaki tunda wala jani. Hata harusini hakuwa amealikwa.

Je, roketi zingefika mapema zingeliokoa shamba? Mwandishi alimuuliza Obren, akatikisa kichwa. "Kuna mawingu yasiyosikia roketi," alisema. "Huenda ndiyo, huenda hapana. Mimi nilikuwa sioni, na asiyeona hawezi kuapa."

Stamena analitaja neno hilo la "huenda" kwa uchungu. "Wenzangu wananiambia nijifariji nalo. Mimi ndilo linaloninyima usingizi."

Ripoti ya idara iliandika kwamba chombo kilipatikana, kikazimwa na kuchukuliwa. Yote hayo ni kweli, na hakuna aliyemlaumu. Angeweza kunyamaza mpaka leo. Lakini asubuhi iliyofuata harusi ile alikwenda kwa Persida, akamkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa katikati ya vijiti vitupu, akamweleza kila kitu: kisanduku, mtoto wa ubatizo, ngoma moja.

Persida alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ngoma ilikuwa nzuri?"

Kwa miezi mingi baada ya hapo hakuitikia salamu ya Stamena.

Siku hiyo hiyo Stamena alimwita Velizar nyumbani kwake. Kijana alifika na hasira, maana kisanduku kilikuwa kimekwenda na harusi mbili zilikuwa zimeshamkataa. Habari za rada zilimwingia sikio moja zikatokea la pili. Basi Stamena akamwambia jambo ambalo harusini alilimeza, kwa kuwa hakutaka kumwaibisha mbele ya watu.

"Bibi harusi ana kovu chini ya bega la kushoto."

Velizar akageuka rangi. "Nani kakuonyesha? Picha hizo sijampa mtu."

"Ulinipa wewe. Ulimpa kila aliyepita barabarani na simu. Mtandao wako haukuwa hata na kitasa, Veljo. Watu wamekufungulia chumba cha binti yao, nawe ukakianika barabarani."

Kijana hakuwahi kuiona rada, lakini bibi harusi alimjua tangu shule ya msingi. Jioni alikwenda mwenyewe kumweleza, akaambiwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

"Alistahili," anasema Stamena. "Lakini alikwenda. Wengi wasingekwenda."

Mwezi Machi, theluji ilipoyeyuka, Stamena alichukua likizo, akabeba mkasi wake wa kupogolea na kupanda hadi shamba la Persida. Mwenye shamba hakumkaribisha wala hakumfukuza. Alimtupia glavu. Walipogoa mstari kwa mstari, kila mmoja upande wake, mchana wakala mkate na jibini bila maongezi. Siku ya pili Persida alimwambia anakata juu mno. Stamena anasema hajawahi kufurahia kukosolewa namna ile.

Mwezi huo huo alifanya jambo jingine. Aliomba ukumbi wa kijiji, akaweka meza na vipimo vyake, akatangaza kwamba mpiga picha yeyote alete kamera na visanduku vyake kabla ya msimu, bila malipo wala adhabu. Aliogopa hatakuja mtu. Velizar alikuja wa kwanza, na mkiani mwake amewakokota wapiga picha wa vijiji vyote vya jirani, wengine wakinung'unika waziwazi.

"Nchi gani imeandikwa humo?" Stamena alimuuliza kila mmoja. Kamera moja iliamini iko Kanada. Nyingine haikuwahi kubadilishwa neno la siri la kiwandani, lile linaloanza na moja na kuishia na nane. Nyingine ilinunuliwa mkononi mwa mtu, na ndani yake mlikuwa bado mna picha za ufukweni za familia isiyojulikana, pamoja na jina la mtandao wa nyumbani kwao. Walizifuta pamoja, hakuna aliyecheka.

Stamena amebakiza miaka miwili astaafu. Nia yake ni kuona meza ile ikiwekwa kila Machi katika kila kijiji ambacho Obren anakilinda, na kumwachia mtu kazi hiyo. Mtu mwenyewe ameshamchagua. Velizar bado hajui, au anajifanya hajui.

Kodiani imenyamaza kidogo huko bondeni. Kwenye skrini ya Stamena unaonekana mtandao mmoja wa kamera: mdogo, umefungwa, uko kwenye masafa yake halali. Anampigia Obren.

"Mstari?"

"Hakuna mstari. Naona mpaka ng'ambo ya mto. Mbona unauliza kila baada ya dakika tano?"

Harusi ya leo ni ya binti wa Persida, na mpiga picha ni Velizar. Persida alimchagua mwenyewe na hakumweleza mtu sababu.

Mtu anapanda njia ya miguu kutoka kijijini, polepole, viatu vya sherehe mkononi. Ni Persida. Anafika garini akihema, anamwangalia Stamena, anaangalia antena, halafu anaangalia mbingu, ambayo leo ni safi.

"Utakaa humo kopoani mpaka lini?" anauliza.

"Nipo kazini."

"Nimekuuliza mpaka lini. Wanataka kuanza duara. Teremka ucheze."

Stamena anavua kipokea sauti. Mikono yake inatafuta kitu cha kushika, inakosa.

"Ngoma moja tu," anasema kwa sauti ndogo.

"Moja," anasema Persida, akivaa viatu vyake. "Na leo anayemlipa mpiga kodiani ni mimi."

Stamena anafunga gari, na wanateremka pamoja.