Dengu Zilizochambuliwa kwa Ajili ya Mgeni

Kazi yangu katika ushirikiano ule ilikuwa ya miguu na mdomo. Halmashauri ya mji wetu, kule upande wa Shinyanga, ilikuwa imetia saini makubaliano na baraza la wafanyabiashara ili kutafuta wanunuzi wa nje ya nchi, na baraza likaniajiri kukusanya sampuli za mazao vijijini na kuwatafsiria wageni wakija. Nilipewa fulana yenye nembo. Niliivaa hadi kanisani Jumapili, mjinga mimi. Siku hizi naishi Geita, Kalangalala, nafanya kazi nyingine kabisa, na fulana ile sijui iliishia wapi.

Kikundi nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha akina mama wa dengu, huko mbugani, kwenye tambarare za udongo mweusi, mwendo wa saa nzima kwa bodaboda ukishaacha lami. Mwenyekiti wao alikuwa mjane wa rika la mama yangu, mtu wa maneno machache, ambaye miaka yote dalali alimfuata shambani na kumnunulia kwa bei ya kutupa. Wakiingia kwenye orodha ya wauzaji ya baraza, wangeuza moja kwa moja kwa mnunuzi wa ng'ambo, na dalali akatafute kazi nyingine. Hicho ndicho walichokitaka, na mimi ndiye niliyewatia hamu hiyo.

Siku ya kuchukua sampuli nilibeba bambo, kile chuma chenye mfereji ambacho ukikichoma kwenye gunia punje za ndani humwagika zenyewe, bila mtu kuzichagua. Tulikuwa tumefundishwa: choma juu, choma kati, choma chini, gunia hadi gunia, kisha changanya. Nilipofika nikakuta wenyewe wamemaliza. Walikuwa wamekaa na nyungo zao siku mbili, wakichambua punje moja moja, wakitoa kila chenga na kila kidonge cha udongo mweusi. Kilo tatu za dengu safi zilikuwa zinanisubiri kwenye beseni jipya, zimefunikwa kitambaa cha kutarizi.

"Mgeni atoke ng'ambo, tumpe zenye udongo?" aliniuliza mwenyekiti, akikishangaa kile chuma mkononi mwangu. "Tutaonekana watu gani sisi?"

Mimi ni Msukuma, sikuhitaji kuelezwa. Nyumbani kwetu mgeni akija, mchele wake ulichambuliwa mara mbili, na sisi watoto tukala chenga jikoni. Akina mama wale hawakuwa wanamdanganya mtu. Walikuwa wanamkirimu. Nilipaswa kuwaambia kwamba mnunuzi akishaona beseni lile atadai magunia yote yafanane nalo, tena yalikuwa maneno ya dakika tano tu. Lakini jua lilikuwa kali, ugali na kuku vilikuwa vimeiva, na dengu zile zilipendeza mno, nikaona kabisa jinsi wakubwa watakavyonisifu. Nikazimimina kwenye mfuko. Kwenye fomu nikaandika kuwa zimetolewa kwa bambo, nikanawa mikono, nikala nikashiba.

Wakubwa walinisifu kweli. Sampuli yangu ilipitishwa meza hadi meza, mnunuzi akapelekewa, akaagiza mzigo, na kwa wiki kadhaa nilitembea mjini kifua mbele.

Magunia yalipofika ghalani, mnunuzi alikuja mwenyewe, na bambo lake. Alichoma gunia la kwanza, la pili, la tatu. Zilikuwa dengu nzuri tu, dengu za kawaida za mbugani, zenye chenga kidogo na udongo kidogo. Angeletewa sampuli ya kweli, naamini angezinunua bila maneno. Alichota kiganja kutoka kwenye gunia, akamimina dengu za sampuli kwenye kiganja cha pili, akavitazama vyote viwili kwa muda mrefu.

Kiongozi wa baraza alikuwa nje na dereva wa lori. Ndani tulikuwa watatu: mnunuzi, mwenyekiti wa kikundi, na mimi katikati yao. Mnunuzi hakufoka. Aliniuliza kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, kama akina mama hawa waliwahi kuelezwa jinsi sampuli inavyochukuliwa. Kama hawakuelezwa, alisema, kosa si lao, tunaweza kuanza upya.

Nikamgeukia mwenyekiti. Nilichokifikiria ni fomu yangu.

"Anauliza kama mnakubali kwamba mzigo haufanani na sampuli."

"Haufanani, mwanangu," alisema. "Zile tulimchambulia yeye. Kama tumemkosea, mwambie atusamehe."

Nikamgeukia mnunuzi. "Anasema walielezwa," nilitafsiri. "Anaomba msamaha."

Naandika haya uso ukinichoma. Nimewahi kujitetea kwamba nusu ya pili ilikuwa kweli, na kila nikijitetea hivyo najidharau zaidi. Mnunuzi alitikisa kichwa, akafunga daftari lake. Kiongozi alipoingia na kusikia kwamba walielezwa, akakata jina la kikundi kwenye orodha papo hapo. Magunia yakapakiwa tena kwenye lori, na kabla jua halijazama dalali wao wa siku zote alikuwa ameshapata habari.

Nilimsindikiza mwenyekiti hadi getini. Hakulia wala hakulalamika. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akakunja goti kidogo, yeye mkubwa kwangu, kama wanawake wa kwetu wanavyomshukuru mtu aliyewatendea jema.

"Wabeja, mwanangu," aliniambia. "Asante sana. Bila wewe kutusemea, yule mgeni angetufokea."

Nikamwambia asijali, tuko pamoja.