Upande wa Kulia wa Joho

Saa moja asubuhi, ofisi za chuo zikiwa bado zimefungwa, mwanamke mmoja amekaa karibu na dirisha la bohari, joho jeusi limemlalia mapajani. Mkononi ana wembe uliofungwa kitambaa upande mmoja usije ukamkata. Anaukata uzi mmoja, anauruka wa pili, anaukata wa tatu, kisha anavuta taratibu. Utepe mpana wa kijani unabanduka kifuani mwa joho na kuanguka sakafuni juu ya wenzake.

"Kufumua ni kazi kuliko kushona," anasema bila kuinua macho. "Ukishona, uzi unakufuata. Ukifumua unakubishia."

Upande wa pili wa chumba hicho hicho, mwanamke mwingine, mdogo kwake kwa miaka kumi na kitu, anafanya kazi hiyo hiyo. Juma lijalo chuo kikuu kipya kitawatunuku wahitimu wake wa kwanza, na majoho bado hayajaisha.

Wanafunzi wanamwita huyu wa dirishani Mama Majoho. Kwa miaka ishirini na sita amekuwa akishona, akifua, akipiga pasi na kutia viraka majoho ya chuo cha ualimu. Mwenzake anaitwa Fundi wa Ng'ambo, kwa kuwa alikuwa akifanya kazi kama hiyo katika chuo cha ufundi kilichokuwa ng'ambo ya barabara.

Barabara hiyo ndiyo iliyovitenganisha vyuo viwili tangu zamani. Wa huku waliwaita wa kule Nyundo. Wa kule waliwaita wa huku Chaki. Kwenye mechi za mpira walitukanana hadi sauti zikakauka, kisha wakanunua maji kwenye duka moja.

Mwaka jana ikatangazwa kwamba vyuo hivyo vitaunganishwa kuwa chuo kikuu kimoja. Sababu zilikuwa njema. Kimoja kilikuwa na mabweni lakini hakina karakana, kingine kilikuwa na karakana lakini wanafunzi wake walipanga vyumba vya mitaani. Watu wakapiga makofi. Mama Majoho naye anasema alipiga, tena kwa nguvu.

Kisha vitu vikaanza kuhesabiwa, na kila kitu kilikuwepo mara mbili. Wakuu wawili, wahasibu wawili, majiko mawili, wapiga chapa wawili. Palipokuwa na viti viwili, kikaondolewa kimoja.

"Waliooana ni wakubwa," anasema Fundi wa Ng'ambo. "Waliopata mama wa kambo ni sisi."

Mafundi wa majoho wakawekwa chumba kimoja na kupewa kazi ya kuandaa majoho mia nane. Afisa utumishi aliwaeleza bila kuzunguka: wafanye kazi pamoja mpaka mahafali, baada ya hapo atabaki mmoja.

Kwa Mama Majoho, kubaki hakukuwa suala la mshahara peke yake. Anaishi katika nyumba za watumishi, chumba na sebule, nyuma ya bweni la wasichana. Mume wake alikuwa mtunza bustani wa chuo cha ualimu hadi kiharusi kilipompiga miaka mitatu iliyopita, kikamlegeza mkono wa kushoto na kumnyang'anya nusu ya maneno. Dawa zake hutoka zahanati ya chuo, na zahanati hiyo ni ya watumishi na familia zao tu.

"Kazi ikienda, nyumba inaenda, na dawa inaifuata," anasema. "Vyote nimevitundika kwenye hanga moja."

Siku Fundi wa Ng'ambo alipofika, akisukuma cherehani yake kwenye mkokoteni, alimkuta mwenyeji wake juu ya stuli akifunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Kwenye kamba akatundika shuka. Chumba kikawa vyumba viwili. Mgeni akaamkia, akaitikiwa, akauliza shuka ni la nini.

"Nikamwambia ni kwa ajili ya vumbi," anasema Mama Majoho, na uso wake unaona haya.

"Vumbi lenyewe nilikuwa mimi," mwenzake anadakia.

Wakakaa hivyo wiki kadhaa. Asubuhi salamu, jioni kwaheri, katikati milio ya cherehani mbili zikijibizana kupitia kitambaa. Kila alfajiri Mama Majoho alipiga magoti kando ya kitanda cha mume wake na kumwomba Mungu ampatie yule mwanamke kazi nzuri mahali pengine, mbali.

"Maneno yalikuwa mazuri," anakiri. "Nia ndiyo ilikuwa na kutu."

Wakati huo kamati ya sherehe ilikuwa imekwama kwenye rangi. Chuo cha ualimu kilivaa rangi ya damu ya mzee, cha ufundi kilivaa kijani, na hakuna upande uliokubali kumezwa. Dereva wa chuo, aliyekuwa akiwapelekea chai, anasema hajapata kuona maprofesa wakigombania tepe kama wasichana wanaojiandaa kwa harusi. Mwishowe ikaamuliwa kila joho libebe rangi zote mbili, moja upande huu wa kifua na nyingine upande ule.

Agizo lilifika bohari kwa mdomo. Mtunza bohari alichungulia mlangoni, akagusa kifua chake kwa mkono huu, kisha kwa mkono ule, akasema, "Huku moja, huku moja," akaenda zake. Hakusema ipi ikae wapi. Hakuna aliyemuuliza.

Mama Majoho akaweka damu ya mzee kulia. Nyuma ya shuka, Fundi wa Ng'ambo akaweka kijani kulia. Kulia ndiko kwenye heshima. Mkono wa kulia ndio wa kutoa na kupokea, na kila mmoja akakipa chuo chake upande huo.

Kwa nini hawakuuliza? Fundi wa Ng'ambo anacheka tu. Mama Majoho anafikiri kwanza.

"Ningeuliza," anasema, "ningeweza kuambiwa vingine."

Siku ya mazoezi, wahitimu watarajiwa walipangwa uwanjani kwa taaluma zao, Chaki na Nyundo wakiwa wamechanganywa. Makamu mkuu wa chuo alikuwa akizungumza juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi, mara kicheko kikaanzia safu ya nyuma. Mtu alipaza sauti kwamba Nyundo wamevaa kinyume. Akajibiwa kwamba hata kuandika ubaoni Chaki huanzia kinyume. Watu wakaanza kutazamana vifuani. Kabla hotuba haijaisha, bila kuamriwa na mtu, safu zilikuwa zimejigawa: kijani kulia huku, damu ya mzee kulia kule, na katikati uwazi wa upana wa barabara.

Makamu mkuu akakunja karatasi zake, akashuka jukwaani.

Uamuzi ulitoka siku hiyo hiyo. Chuo cha ualimu ndicho kikongwe, kwa hiyo rangi yake itakaa kulia. Majoho mia nne ya Fundi wa Ng'ambo yafumuliwe yote.

Afisa utumishi alikuja mwenyewe bohari, akasimama upande wa pili wa shuka. Mama Majoho alisikia kila neno. Mwenzake aliambiwa kwamba chuo kikuu hakina nafasi ya mtu anayekishonea chuo kilichokwisha kufa, na kwamba sasa uamuzi wa nani abaki umekuwa mwepesi. Viatu vya afisa vikasikika vikitoka. Cherehani ya upande ule haikulia tena mchana kutwa. Ilisikika sauti ya wembe tu, kisha kamasi zikipandishwa, kisha wembe tena.

Jioni Mama Majoho alimweleza mume wake habari yote huku akimlisha. Mzee alitafuna polepole, akamtazama.

"Umeshinda?" akauliza. Maneno yake siku hizi hutoka moja moja.

"Naona hivyo."

"Mbona... huimbi?"

Ni kweli, yeye huosha vyombo akiimba. Jioni hiyo aliviosha kimya. Alipopiga magoti kushukuru, akasema asante Mungu, akakwama papo hapo.

"Asante ya nini?" anauliza sasa, wembe ukiwa umesimama hewani. "Kwamba yule mwanamke ana watoto wanne na baba yao hajulikani aliko, na sasa hana kazi, kwa kosa ambalo hata mimi nimelifanya? Tofauti yetu ni kwamba kamati iliangukia upande wangu. Sikuweza kumwambia Mungu asante kwa hilo. Anajua nilichokuwa nakiomba."

Asubuhi yake alikwenda ofisini kwa afisa utumishi. Akamweleza kwamba agizo halikutaja upande, kwamba yeye pia aliweka rangi ilipotaka roho yake, na kwamba kama kamati ingeamua vingine, ni yeye ambaye angekuwa anafumua. Kosa, akasema, ni la wote wawili.

Afisa alimsikiliza hadi mwisho. Hakukasirika.

"Kwa hiyo nyote wawili mlifanya mlivyotaka," akasema. "Ahsante kwa kuwa mkweli, mama."

Baada ya siku mbili wote wawili waliitwa. Waliambiwa kwamba chuo kikuu hakitakuwa na fundi wa majoho. Kazi hiyo itapewa kampuni ya nje, ambayo italeta majoho na kuyaondoa. Wao wamalizie yaliyopo, na mwisho wa mwezi wakabidhi funguo.

Walirudi bohari wakiwa wamefuatana kama watu watokao mazikoni. Kila mmoja akaingia upande wake wa shuka. Fundi wa Ng'ambo ndiye aliyeanza.

"Mama, nasikia ulikwenda kusema ofisini. Nani alikutuma kule?"

"Hakuna."

"Ungenyamaza ungebaki."

"Na wewe je?"

"Mimi ningekuwa hapa hapa nilipo. Sasa umenifuata, na mzee wako umemleta."

Mama Majoho alipanda kwenye stuli, akalishusha shuka, akalikunja. Akaenda kwenye rundo la mwenzake, akabeba majoho kadiri mikono yake ilivyoweza, akarudi nayo dirishani na kuanza kufumua.

"Nilimnunia siku mbili," anasema Fundi wa Ng'ambo. "Ya tatu nikaona hasira haifumui uzi."

Je, ni maneno yale yaliyowaponza? Dereva anasema hapana, habari za kampuni zilikuwa zikizungumzwa ndani ya gari tangu rangi hazijaamuliwa. Mpishi wa jiko lililofungwa anasema ndiyo, na kwamba kuna watu hawawezi kuuweka ukweli mdomoni, huutema kama mtoto mwenye uji wa moto. Mama Majoho amesikia yote mawili. Kuna siku anaamini hili, kuna siku anaamini lile, na siku mbaya ni zile za kumwangalia mume wake akijaribu kufunga kifungo kwa mkono mmoja.

"Mungu hakuniahidi kwamba nikisema kweli nitalipwa," anasema. "Nimetafuta ahadi hiyo. Sijaiona."

Yeye na mume wake wamepata chumba cha kupanga nyuma ya karakana ya seremala. Choo kiko nje, na kukifikia ni lazima kushuka ngazi. Walimpeleka mzee kukiona. Alizitazama ngazi kwa muda mrefu, akasema, "Nitajifunza." Kuhusu dawa, itabidi kwenda hospitali kubwa na kupanga foleni na wengine. Muuguzi wa zahanati amempa za mwezi mmoja na kumwomba asimtaje.

Ipo pia kazi. Karibu na shule ya msingi kuna chumba kidogo chenye mlango wa barabarani, na mwenye nyumba amekubali kuwasubiri hadi wapate kodi ya mwanzo. Hapo mafundi hawa wawili wanataka kushona sare za shule. Cherehani aliyoitumia Mama Majoho miaka yote hii ni mali ya chuo na inabaki. Itakuwepo ile moja tu iliyokuja na mkokoteni. Mmoja atakata, mmoja atashona, na mchana watabadilishana.

"Alinipokea kwa shuka," anasema Fundi wa Ng'ambo, "nami nitampokea kwa cherehani. Ila pedali yake ni kali, mama, itakutoa jasho."

"Niliyekufumulia majoho yako nishindwe na pedali?"

Juzi mchoraji wa vibao alipita kuwauliza kibao chao akiandike kwa rangi gani. Walitazamana.

"Nyeusi," akasema mmoja.

"Nyeusi tupu," akasema wa pili.

Juma lijalo wahitimu watapita uwanjani, damu ya mzee kulia, kijani kushoto, wote namna moja. Mama Majoho atakuwa nyuma ya jukwaa na pasi, kama kila mwaka. Alfajiri ya siku hiyo atapiga magoti palepale kando ya kitanda. Anasema sala yake imekuwa fupi siku hizi. Anaombea miguu ya mzee kwenye zile ngazi, anaomba wateja, na anamwombea mwenzake.

"Na ninamtaja kwa jina lake," anasema, akiukata uzi mwingine. "Zamani nilikuwa nasema 'yule'."